Ganda Tupu la Papa Symphorien

Miaka thelathini na mine! Papa Symphorien Mukuka, mtunza bunduki wa kampuni yetu ya uwindaji hapa Bel-Air, anaingia mapumziko tarehe 31 Oktoba, msimu ukifungwa. Mimi Mama Adolphine wa jikoni ndiye nimepewa kumwandikia maneno haya ya kuaga, na nimekubali kwa furaha, maana huyu papa amenilindia mtoto.

Alizaliwa Sakania, baba yake akiwa mtu wa reli. Kwetu alianza kwa kuosha magari, kisha wakamwonyesha kusafisha bunduki, mwishowe wakampa funguo za stoo. Tangu hapo kila mgeni anayekuja kuwinda mbogo anapita kwanza kwake, wachague pamoja bunduki na risasi.

Na wageni, nyote mnawajua. Wengi wanataka bunduki ya magnum 458, kwa sababu ni nene na ina jina kubwa. Papa hakatai nguvu yake: karibu karibu, kwenye majani marefu, inavunja mfupa wa mbogo. Lakini inapiga bega la mwenyewe kama mlango uliosukumwa na upepo. Mtu akiiogopa anafumba macho kabla ya kufyatua, na risasi inaingia tumboni. Mbogo mwenye kidonda anajificha majanini akingoja, na anayetangulia kufuata damu ni pisteur. Pisteur wetu ni Guelor, mtoto wangu. Sasa mnaelewa kwa nini siku za kuwinda ninasahau na kutia chumvi mara mbili.

Ndiyo maana Papa ana desturi yake. Kwenye uwanja wa shabaha anapakia bunduki mwenyewe, na katikati ya risasi nzima anaficha ganda tupu. Mgeni anafyatua, hakuna mlio, lakini bega limeruka na mdomo wa bunduki umeangalia chini!

"Patron, haikulia. Nani alikusukuma?"

Wote wanacheka, na mgeni anapewa bunduki ndogo zaidi, 375. Hii inapiga bega kwa upole zaidi, na ikiwekwa mahali pake inamlaza mbogo vilevile. Mwaka juzi bwana mmoja alinuna mpaka akaacha chakula changu. Kesho yake aliangusha dume kwa risasi moja, akarudi akimkumbatia Papa hadi kofia ikaanguka.

Kazi hiyo sasa inabaki kwa Paulin, msaidizi wake wa stoo, na hapo mimi niliogopa kweli. Paulin ni baba wa watoto, lakini mpole kupita kiasi. Kila kitu kwake ni "oui, patron", ndiyo bwana. Nikamfuata Papa stoo.

"Huyu atakatalia nani? Mutoto yangu iko mbele kule!"

"Mama Adolphine, weye pika tu. Utaona."

Jumamosi iliyopita tulimpeleka Papa uwanjani apige risasi ya kuaga. Aliomba 458, angeomba nini kingine! Paulin akapakia. Papa akalenga, akafyatua. Hakuna mlio: ganda tupu! Na bega la mzee likaruka kama la mgeni wa juzi!

Hakuna aliyecheka. Paulin alinyoosha mkono na kuichukua bunduki.

"Papa, pardon. Weye leo ni 375."

"Mimi? Mimi Symphorien?"

"Bega yako iko naogopa, Papa. Na kule mbele kuko Guelor."

Papa alicheka mpaka akashika mbavu. Akapokea 375, akaipiga shabaha katikati kabisa, kisha akavua kamba ya funguo na kumvisha Paulin shingoni. Mimi nilipiga vigelegele peke yangu. Guelor aliona haya, lakini mama ni mama.

Papa Symphorien, aksanti. Nenda Ruashi ukamalize ile nyumba yako, mke wako Mama Honorine amengoja paa muda mrefu. Tunakutakia mapumziko matamu na bega lisilouma. Na ukipita hapa siku ya kuwinda, ingia jikoni ule bukari, ugali wetu, na mboga: chumvi sasa ninatia mara moja tu.