Muwasho wa Shemeji na Dawa ya Josho

Kijiwe chetu kipo Nyamwaga, pale barabara ya vumbi inapokutana na njia ya kwenda joshoni: benchi moja, jiko la mkaa, na birika la kahawa ya tangawizi ya dada yangu Rose. Nakishukuru kijiwe hiki, na nasema bila aibu, maana ndicho kilichonifundisha kubishana kabla chuo hakijanipa jukwaa. Asubuhi hiyo, nikiwa likizo, kahawa nilimimina mimi. Rose alikuwa ndani ya nyumba yao, hatua chache nyuma ya benchi, anafunga nguo. Mumewe Machage, dereva wa bodaboda, alikuwa anawashwa sehemu za siri tangu wiki iliyopita, na alishatangaza kijiweni kwamba Rose ndiye aliyemletea. Jioni angemrudisha Rose kwetu, kwa wazazi, na hapo kikao cha kurudisha ng'ombe wa mahari kingeitishwa.

Shemeji mwenyewe alikaa mwisho wa benchi, miguu ameitawanya, hana raha. Katikati alikaa Mzee Nyangwine, tunayemwita Hakimu kwa sababu hakuna kesi isiyomhusu. Pembeni yake Ezekiel, jina la kijiweni Josho, kwa vile ndiye anayesimamia uogeshaji wa ng'ombe na harufu ya kazi haimtoki hata Jumapili kanisani.

Hakimu alifungua. Mwanaume aliyesimama na rika lake akatahiriwa bila kupepesa jicho, alisema, huko chini hakuguswi na ugonjwa. Kwa hiyo umetoka nje ya mwili wake, na nje ya mwili wa mwanaume ni kwa mke wake. Josho akakataa. Kwake yeye lilikuwa vumbi la Nyangoto: Machage hubeba wachimbaji wa dhahabu, wao huacha vumbi kwenye siti, na siti hulipandisha. Hakimu akauliza mbona basi hawashwi makalio. Josho akahamia kwenye simu ya mfuko wa mbele, kwamba mtandao ukiwa hafifu simu inavuta kwa nguvu, na inavuta kutoka popote iliposhikizwa. Alisema hivyo kwa uso wa mtu aliyesomea.

Nilivumilia mpaka Rose alipotajwa tena.

— Shemeji, Rose naye anawashwa?

— Hapana.

— Sasa amekupa kitu ambacho yeye hana?

Hakimu akanikumbusha kwa upole kwamba haya ni mambo ya wanaume, si ya wasichana wala mdahalo wa chuo.

— Baba, shikamoo nimekupa, na kahawa nimekupa. Lakini anayefunga nguo humo ndani ni dada yangu.

Ndipo Josho akatoa chupa ya soda kwenye koti. Ndani mlikuwa na kitu cheupe kama maziwa: dawa ya josho.

— Hii kupe wenyewe wanaikimbia. Kajipake, mura, mchana unasahau.

Na Machage akaipokea. Akaanza kufungua kizibo palepale, anatafuta kwa macho pa kujificha.

Kulikuwa na mgeni, mnunuzi wa ng'ombe kutoka Mugumu aliyekuwa anasubiri gari la kwenda mnadani. Alikuwa amekunywa vikombe vyake viwili. Akamgeukia Machage.

— Kijana, una dume nyumbani?

— Ninalo.

— Likivimba pale, unafanya nini?

— Namwita bwana mifugo. Siku hiyohiyo.

— Na wewe, nani amekuangalia?

Machage akaiweka chupa chini, akawasha pikipiki, akaondoka amesimama nusu, hagusi siti. Gari la mgeni nalo likaja, akapanda. Sikuwahi kumuuliza jina. Namshukuru hivyohivyo, bila jina.

Alasiri shemeji alirudi, akatueleza mimi na Rose mlangoni, sauti chini. Nesi Wegesa wa kituo cha afya hakucheka wala hakumhubiria. Alimwangalia, akamuuliza anaogea nini, naye akakiri kwamba anaoga huko kwa sabuni ya unga ileile ya kuoshea pikipiki, na kadiri alivyowashwa ndivyo alivyozidi kusugua. Ngozi ilikuwa imeungua. Aache sabuni, aoge kwa maji matupu, apake dawa aliyopewa. Ile ya josho ingemchoma zaidi, na sumu ingepenya mwilini. Walimpima sukari na magonjwa ya zinaa, kwa sababu macho peke yake hayatoshi; majibu mengine angeyafuata kesho. Na akiona kidonda, usaha, uvimbe, homa, au mkojo ukimuuma, asingoje. Hata bila hayo, siku chache zikipita bila nafuu, arudi.

Na mke aje pia apimwe, nesi alisema, si kwa kushtakiwa. Hapo nilikosolewa hata mimi, na nashukuru: mtu anaweza kuwa na ugonjwa bila kuwashwa. Swali langu la asubuhi lilikuwa tamu, lakini halikuwa kipimo.

Rose alimsikiliza mpaka mwisho.

— Kesho nitakwenda. Lakini maneno uliyosema juu yangu kijiweni, kayafute kijiweni.

Nilidhani atagoma. Mwanaume wa huku kusimama mbele ya wenzake na kutaja eneo hilo si jambo dogo. Akatoka, akasimama mbele ya benchi, watu wakiwa wengi kuliko asubuhi.

— Nilisema Rose ndiye aliyeniletea. Nilisema kabla sijaangaliwa na mtu. Ni sabuni yangu mwenyewe imeniunguza, na majibu yaliyobaki tutakwenda kuyafuata wote wawili. Mke wangu haendi popote.

Nimesikia wazungumzaji wengi chuoni wakipigiwa makofi kwa maneno mepesi kuliko hayo. Hapa hakuna aliyepiga. Josho alijikohoza. Hakimu akaninyooshea kikombe kitupu nimwongezee.

Nikamwambia kahawa imeisha. Kweli ilikuwa imeisha, ila hata isingeisha ningemwambia hivyohivyo.