Mlingoti Ubaki Hadi Mavuno

Mgeni rasmi, mkuu wetu wa utafiti, pamoja nanyi majirani mlioacha palizi ili mtusikilize:

KARIBU
Sisi wafanyakazi kumi na mmoja wa kituo cha kupima hewa shambani tunakukaribisha kwa mikono miwili. Utuwie radhi kwa kukukalisha juani, mbali na mlingoti. Sababu utaisikia punde, na wa kulaumiwa ni sisi.

TULIKOTOKA
Mlingoti huu una mwaka wa tatu katikati ya mahindi. Vipimo vilivyo juu yake husoma upepo na hewa ya ukaa usiku na mchana, tujue mimea imevuta kiasi gani na udongo umerudisha kiasi gani. Majirani walituita "wauza upepo". Mama mwenye shamba yeye alituamini. Akaacha kuchoma mabua, akingoja tumwambie kama udongo wake unaweka akiba ya hewa hiyo au unaipoteza.

KOSA LETU
Mwaka wa kwanza radi iliunguza vipimo. Mwaka wa pili takwimu zilionyesha kuwa kila saa saba mchana, jua likiwaka, mahindi yanatoa hewa ya ukaa badala ya kuivuta! Wataalamu walikuna vichwa. Fundi wetu, Babu Waya, ndiye aliyeng'amua: "Jamani, si mahindi hayo. Ni sisi!"

Kumbe kivuli pekee shambani kilikuwa cha paa la mitambo chini ya mlingoti, na hapo ndipo tulipokula, sote kumi na mmoja, na jiko la mkaa pembeni. Tulijiripoti wenyewe, msimu mzima ukafutwa. Iliuma sana.

MAFANIKIO
Mwaka huu tunakula kando ya barabara, juani. Mpishi ananuna kwa kuwa chakula hufika kimepoa. Lakini tangu kupanda hadi leo hatujapoteza hata siku moja ya vipimo.

OMBI
Tumepokea barua kwamba mlingoti utang'olewa mwisho wa mwezi huu, uhamishiwe kwingine. Mavuno ni baada ya wiki tisa, na bila kupima hewa hadi siku hiyo, pamoja na kinachovunwa, jibu halipatikani. Tunaomba wiki hizo tisa. Hatuombi gari, wala posho, wala kivuli.

Mama mwenye shamba hakutaka kuzungumza, ila ametutuma neno: "Mwambieni mgeni, mtu hapimwi halafu daktari akaondoka bila kumpa majibu."

Mungu akurudishe salama nyumbani, na akurudishe kwetu siku ya mavuno, uwe wa kwanza kumsomea mama majibu yake.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Kituo cha Kupima Hewa Shambani