Fundi Shingo na Aya Iliyofutwa

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Shingo, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli. Alikuwa wa tatu kati ya watoto sita wa fundi cherehani na mkewe aliyekuwa muuguzi. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba mtoto huyo alianza kufungua vitu kabla hajajua kutembea vizuri. Alifungua saa ya ukutani, akafungua cherehani, na siku moja akang'oa bawaba za mlango wa choo baba yake akiwa ndani. Alichapwa, kisha akaamriwa aurudishe mlango kama ulivyokuwa. Aliurudisha, na tangu siku hiyo mlango ule haukulia tena. Mimi ninayesoma ni binti yake wa kwanza.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1965, akamaliza kidato cha nne mwaka 1975, akaingia chuo cha ufundi na kuhitimu umakanika mwaka 1977. Ripoti ya chuo tunayo hadi leo. Mwalimu aliandika kwamba ana mikono mizuri ila anauliza mno. Baba aliitunza ripoti hiyo pamoja na cheti, kwa sababu alihisi amesifiwa mara mbili.

Alifanya kazi kwenye gereji ya mabasi kuanzia mwaka 1978 hadi 1992, alipofungua gereji yake ya mabati kando ya kiwanda cha matofali. Katikati ya miaka hiyo alimwoa mama yetu, tarehe 12 Desemba 1981. Mama alikuwa karani wa posta. Ufunguo wa kabati la stempu ulikuwa umepotea, naye Baba akaitwa kulifungua. Mama alimkodolea macho, akamwuliza, “Kumbe unajua kufungua makabati ya watu?” Baba akamjibu, “Na kuyafunga pia.” Mama anasema hakucheka mbele yake, alisubiri aondoke.

Mwaka 2009 magari yalianza kuibwa mtaani kwetu mchana kweupe. Hayakuwa magari mapya. Yalikuwa yale yaliyokwisha kula chumvi nyingi, ya walimu, wauguzi na wenye vibanda, ambayo mwizi huvunja plastiki iliyo chini ya usukani, akaizungusha swichi na kuondoka. La kwanza lilikuwa la mkunga wa zahanati, lililochukuliwa langoni wakati yeye yuko ndani anamzalisha mtu. Alipokwenda polisi kulalamika aliambiwa anunue gari jipya, kana kwamba magari mapya yanaokotwa. Baba aliposikia jibu hilo alikasirika kuliko mkunga mwenyewe.

Alikata bomba nene la chuma, akalipasua vipande viwili, akavifunga kuizunguka shingo ya usukani, pale inapokaa swichi. Akaacha tundu moja tu, la kuingizia ufunguo. Bolti alizitengeneza ili vichwa vikatike zikishakazwa, spana isipate pa kushika. Kitu hicho alikiita bangili, na ninyi mkamwita yeye Fundi Shingo. Wateja walisema bangili ni mbaya, inaharibu sura ya gari. Yeye aliwaambia kwamba sura si kazi yake, kazi yake ni mtu alikute gari pale alipoliacha.

Sasa naomba mnivumilie. Mnaofuata kwenye karatasi, msihangaike kutafuta, maana ninayosoma sasa hayamo. Niliyaandika, na kamati ya mazishi ikayafuta. Alhamisi mwenyekiti wa chama cha wenye magari, ambaye pia yumo kwenye kamati, alikaa sebuleni kwetu, akanywa chai yetu, akaniambia mambo ya zamani tuyaache yapumzike na mzee. Nilimwambia nimesikia. Sikumwambia nimekubali.

Jumamosi tarehe 6 Machi 2010, chama hicho hicho kilimwomba Baba aje uwanja wa shule awaonyeshe wanachama jinsi magari yao yanavyoibwa. Alikwenda na gari lake mwenyewe na bisibisi moja. Haikufika dakika, gari likawa linanguruma. Kisha akalifunga bangili, akaomba yeyote ajaribu. Wachomeleaji wawili walijaribu mpaka mashati yakalowa jasho, wakashindwa. Mwenyekiti alimshukuru mbele ya watu, ila gari lake alikataa lisifungwe, eti bangili itakwaruza dashibodi.

Wiki mbili baadaye gari la mwenyekiti likaibwa. Alikwenda polisi akamtaja mtu pekee aliyewahi kumwona akiwasha gari bila ufunguo. Baba yetu alikaa mahabusu siku tisa. Vifaa vyake vilibebwa kwenye magunia kama mali ya wizi, na majirani aliowafungia bangili kwa mikono yake walisimama milangoni wakitazama. Gari lilipatikana mji mwingine, mikononi mwa watu ambao hawajawahi hata kumsikia Baba. Wakamwachia. Mnajua ni nani aliyekuja nyumbani kumpa pole? Mkunga, peke yake.

Gereji ilikaa miezi saba bila mteja. Alipopita dukani, watu waliziingiza funguo mifukoni. Mambo haya niliyaona kwa macho yangu, na baadhi ya mifuko hiyo iko hapa leo. Inaniuma, na sitajifanya hainiumi kwa sababu tuko msibani.

Magari yaliendelea kuibwa, ila yenye bangili hayakuguswa hata moja. Basi mkarudi, mmoja mmoja. Mwenyekiti hakuja, alimtuma dereva wake na gari. Baba akalifunga bangili vizuri, akazipaka bolti mafuta. Nilimfokea, na si kawaida yangu kumfokea baba yangu. Nikamwuliza anawezaje. Alifuta mikono, akasema, “Mwanangu, gari halikunisingizia.”

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alitibiwa hospitali ya rufaa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na siku za katikati alikwenda gerejini kukaa tu kwenye kiti. Mwezi uliopita alinishika mkono, akaniambia, “Siku ya kuniaga msiseme nilikuwa mtu mzuri. Hilo husemwa kwa kila mtu. Semeni sikuiba.” Alifariki Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, mama akiwa kando yake. Aliomba jambo hilo moja tu, na ndilo lililofutwa na kamati.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu sita, dada yake mkubwa na mdogo wake wa mwisho. Ameacha pia bangili mia tatu na kumi na mbili, kwa hesabu ya daftari lake. Nilipokuwa nikiingia nimepita kwenye magari mliyoegesha langoni, nikachungulia madirishani. Nyingi zimo, na ya mwenyekiti imo. Mkitoka hapa kila mmoja wenu ataingiza ufunguo kwenye tundu alilolitoboa yeye. Kabla hamjawasha, ninawaomba mseme maneno mawili ambayo hamkuyasema akiwa hai: Fundi hakuiba.

Apumzike kwa amani. Tulimcheleweshea miaka kumi na minne.