Begi Jeusi na Sahani ya Tatu

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena! Mimi ni Mama Furaha wa Uvira, wengi mnanijua kwa kelele zangu kwenye kwaya. Leo nimekuja bila lile begi jeusi. Ndiyo, chekeni, mnalijua!

Ndugu zangu, tangu nikimbie vita Kongo nilikuwa nalala na viatu miguuni. Hapa La Rochelle, huku kusini mwa Afrika, nikisikia wageni wanapigwa, nalivuta begi karibu na mlango. Karatasi zetu, nguo za watoto, unga, vyote mle. Furaha wangu aliniuliza, "Mama, tunahama lini?" Nikafunga zipu ya begi.

Nilikuwa nikimtunza bibi mmoja wa Poland, Mama Halina. Askari wa Urusi waliifukuza familia yake kwao akiwa mtoto, ndivyo alivyofika nchi hii. Basi Warusi walipoingia Ukraine, nyumba ile ikawa na hofu kama yangu! Kila siku simu kutoka Poland. Dada yake anajaza unga na sukari chini ya nyumba. Mpwa wake, mwoka mikate tu, kila Jumamosi anaenda na vijana wa mtaa kujifunza kutumia bunduki.

Jirani yake, Papa Dieter, Mjerumani, alikuja kunywa chai na kubishana naye. Kwao, alisema, ndugu zake wanawasha mishumaa kanisani, wanataka Warusi wazungumzishwe, vita vya baba zao viliwatosha. Eish, walivyogombana! "Mishumaa haizuii vifaru!" Mama Halina alifoka. Mimi nikawa upande wake kabisa. Nikarudi nyumbani nikaongeza unga kwenye begi.

Ikafika siku ya kuamkia Krismasi. Wale wazee wangekula wawili tu, lakini Mama Halina akaweka sahani tatu. Mume wake alishafariki. Nikajua, haya ni mambo ya kulisha wafu! Wapendwa, niliikamata ile sahani nikaanza kukemea kwa jina la Yesu, mpaka Papa Dieter akaangusha uma.

Mama Halina alicheka hadi machozi. Akanieleza kwamba kwao siku hiyo kila nyumba huweka sahani moja zaidi, ya mgeni yeyote atakayepiga hodi. Hata dada yake, na hofu yake yote ya vita, ameshaiweka. Akavuta kiti. "Keti, Mama Furaha. Mgeni ni wewe." Na Papa Dieter ndiye aliyenipakulia samaki.

Nililia jamani! Watu hawa wanaogopa kama mimi, wanagombana juu ya Warusi, lakini mezani wameacha nafasi. Unga wangu mimi ulikuwa wa kukimbia tu. Pale pale Bwana akanigusa, kifua kikawa chepesi. Nikaenda nyumbani nikamwaga begi. Unga ulikuwa na wadudu! Watoto wakatundika nguo zao. Nikavua viatu, nikalala mpaka jua likaniamsha.

Mwaka huu fujo za kupiga wageni zimerudi, maduka yakachomwa mtaa wa pili. Mlango wangu ukagongwa. Niliogopa, sidanganyi, lakini mkono ulikwenda kwenye kitasa. Alikuwa Mama Chantal, dada yetu wa Burundi, duka lake limeungua, mtoto mgongoni. Sahani yake ilikuwa mezani tayari. Simama, Mama Chantal, wakuone!

Asante Yesu! Ndugu yangu unayelala na viatu, mwamini Bwana, vivue leo. Halafu weka sahani moja zaidi. Na lile begi? Mama Chantal anawekea nepi.