Bibi Mizani, Aliyesikia Njaa ya Wachanga

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Bibi Mizani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga. Alizaliwa njiti. Mama yake alimkamulia maziwa kwenye kijiko, tone kwa tone, akamfunga kifuani wiki sita kama mzigo wa magendo.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1966, kisha sekondari, na mwaka 1974 akahitimu uuguzi. Mwaka huohuo aliajiriwa kliniki ya mama na mtoto, akafundisha kunyonyesha hadi alipostaafu mwaka 2012. Kila alipompakata mtoto, aliweza kukadiria uzito wake kwa mikono. Siku moja alimwambia fundi aliyekuja kutengeneza mizani, “Kaka, hii bado inadanganya.” Alipoikagua upya, kweli ilizidisha gramu mia. Fundi huyo alimuoa tarehe 9 Juni 1979, nao wakajaliwa watoto watatu.

Jambo moja hakupenda lisemwe, ila leo tutalisema. Alasiri ya tarehe 11 Agosti 2009 alikuwa akiwaonyesha akina mama jinsi mtoto anavyopaswa kufungua kinywa wazi, kidevu kiguse titi. Akakatiza maneno.

“Kuna mchanga analia njaa.”

“Dada, mbona sisi hatusikii?”

Alichukua mkoba, akavuka mitaa mitatu bila kuuliza njia, akasukuma mlango wa nyumba ambayo hakuwahi kuingia. Ndani alilala mzazi wa siku nane, titi limevimba, homa imempokonya fahamu. Ubavuni pake mtoto alikuwa ameachama, na sauti haimtoki.

Marehemu aliita majirani, wakawakimbiza hospitali. Siku tisa alishinda kando ya kitanda, akimsaidia mama kukamua na kumnywesha mtoto kwa kikombe, mpaka mtoto akashika titi mwenyewe na uzito ukarudi. Daktari alimwambia, “Mama, huyu hakuwa na nguvu ya kulia tangu jana yake. Ulimsikiaje?”

“Mimi nilisikia kilio,” alijibu, akaomba wazungumzie mengine.

Mtoto huyo sasa ni binti wa miaka kumi na minne. Yupo nasi hapa, amekaa na mama yake.

Figo zilianza kumsumbua marehemu mwaka 2021. Alilazwa ghorofa ya pili, juu ya wodi ya wazazi, akafariki Jumanne, tarehe 17 Oktoba 2023, saa nne na robo asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake mkubwa. Binti aliposhuka kutafuta maji, alikuta wodi ya wazazi imepigwa na bumbuwazi. Akina mama kumi na mmoja walikuwa wamelowa vifuani. Maziwa yaliwatoka wote kwa mpigo mmoja, hata wawili ambao yalikuwa hayajaanza.

“Saa ngapi?” binti aliuliza.

Muuguzi alitazama saa ya ukutani. “Dakika chache tu zilizopita. Saa nne na robo.”

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, na kitukuu wa siku kumi na tisa, anayenyonya vizuri.

Mungu amlaze pema, apumzike kwa utulivu.