Kaka Yetu Hakuiba

Ndugu, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa mama yetu, nimepewa kazi ya kusoma historia hii, nami nitaisoma kama ilivyokuwa.

Kaka alizaliwa tarehe 9 Agosti 1974, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1982 hadi 1988, sekondari hadi 1992, kisha chuo cha ufundi alikohitimu mitambo mwaka 1995, na kila redio aliyoifungua pale nyumbani ilibakiza skrubu mbili mezani na bado ikaimba. Mwaka 1996 aliajiriwa idara ya upelelezi, tarehe 16 Juni 2001 akafunga ndoa na wifi yangu huyu, mwalimu, wakajaliwa binti mwaka 2003 na mvulana mwaka 2007.

Tarehe 3 Februari 2012 ofisi yake ilitangaza gazetini kwamba amefukuzwa kwa kuiba vipuri, na tangazo lile lilikuwa uongo mtupu, lilitungwa ili wahalifu wa kijiji kimoja cha wavuvi, safari ya siku nzima kwa basi, wamwamini. Huko wavuvi walikuwa wanavamiwa baharini, wanatupwa majini na mashine za boti zao zinachukuliwa, naye akafungua kibanda cha ufundi, wahalifu wakamwita Spana, wakamletea mashine zile zile za wizi azirekebishe. Walikwangua namba ya kibati cha nje tu, hawakujua kwamba imegongwa pia kwenye injini yenyewe, chini ya kifuniko, na kwa miaka mitano kaka alifunua, akanakili namba, akafunika, akaituma ofisini kwa siri, hadi Septemba 2017 watu kumi na mmoja walipofungwa.

Sisi hatukuambiwa chochote. Binti yake aliitwa mtoto wa mwizi darasani, mama alifariki tarehe 6 Mei 2015 akiamini amezaa mwizi, na mimi ninayesoma hapa ndiye niliyempigia kaka simu kumwambia asikanyage msibani, akaja hata hivyo, akasimama ng'ambo ya barabara na begi lake, nikamwona, nikafunga dirisha. Kwa hilo najichukia, ila wa kulaumiwa si mimi peke yangu.

Kesi ilipokwisha ndipo alipotuambia ukweli, baada ya kusomewa barua ya pongezi ofisini, akasaini kwamba ameisikia, ikarudishwa kabatini, na tangazo la wizi halikufutwa. Alipoanza kuugua figo Novemba 2021, kadi yake ya bima ilikataliwa dirishani kwa kuwa kumbukumbu zinasema alifukuzwa, tukafuatilia, tukaambiwa njooni wiki ijayo, njooni wiki ijayo, mpaka akatutoka tarehe 14 Machi 2023, saa tatu asubuhi.

Juzi ofisi imetuletea karatasi iliyochapwa vizuri, inayomtaja kuwa fundi boti aliyejiajiri, wakatuomba tuisome hiyo. Nimeichana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hata bila kadi, majirani waliopokezana kukaa naye, na wafanyakazi wenzake wawili waliokuja kumwona bila ruhusa. Mkuu wake yuko mstari wa tatu, tunamshukuru kwa kufika, na tunamwomba asimame atamke mbele ya watu hawa kwamba kaka hakuiba, kwa sababu jeneza halitoki humu kabla hajatamka.

Kaka, pumzika kwa amani, huna haraka tena. Sisi tumekaa, tunamsubiri.