Mzee Clifford Amolo na Udongo Wake wa Sosiot

Bwana asifiwe, na poleni kwa safari. Wengine mmetoka mbali, na tope la Sosiot halikuwaonea huruma. Baba yetu, mzee Clifford Amolo, tunayemzika leo Jumamosi, tarehe 21 Juni 2025, angewapokea mwenyewe pale langoni, kisha angewauliza kama mna maganda yoyote ya kutupa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 kule Nyakach, karibu na Sondu, kitinda mimba katika watoto wanne. Kaka yake Ojwang, tuliye naye hapa, ndiye aliyemshika mkono kumpeleka shule siku ya kwanza, na ndiye aliyemchapa alipotoroka siku ya pili. Alimaliza darasa la saba mwaka 1968.

Mwaka 1972 alikuja Kericho kuchuma majani chai. Tuseme ukweli, alikuwa mchumaji hafifu. Wakampeleka kiwandani kulisha boila kuni, na huko akakaa mpaka alipostaafu. Moto aliujua. Aliweka kiganja karibu na bomba akakwambia kama mvuke unatosha kabla hujatazama geji.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na Rodah Chepkosgei wa hapa Sosiot, wakajaliwa watoto wawili, Caren na Kipruto. Alipostaafu mwaka 2006 akanunua robo ekari hii. Leo mnaona mboga za sukuma wiki na managu, mtadhani palikuwa hivi tangu jadi. Ng'o! Wajenzi wa barabara walikuwa wamekwangua udongo wote wa juu, ikabaki changarawe nyekundu. Jirani yetu Kipkirui alimwambia, "Amolo, hapa hata magugu yamekataa." Mzee Ojwang naye alikuja kuona, akakasirika kabisa. "Hapa si nyumbani," akasema. "Siku ukifa nitakuja na gari nikurudishe kwa baba."

Maneno hayo yalimchoma. Tangu siku hiyo alikuwa na haja moja, na aliirudia mezani mara nyingi: azikwe hapa, alipoishi na mke wake, na kaka yake akubali kwa moyo mweupe.

Ndipo akaanza kutengeneza mboji. Rundo la kwanza aliliharibu. Alilijaza majani ya mikaratusi kwa sababu yalikuwa mengi na ya bure, na miche ya sukuma ikageuka manjano, ikafa yote. Rodah alicheka mpaka akakaa chini. Marehemu hakufa moyo. Akajifunza kupanga: mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, nyasi mbichi, mavi ya ng'ombe, majivu kidogo, maji, halafu anarudia tena, na juu anafunika na majani ya ndizi. Katikati alichomeka fimbo ndefu. Kila asubuhi aliichomoa, akaishika kupima joto, akaita kama mtu aliye zamu kwenye boila:

"Mama Caren, kuja ushike! Stimu imepanda!"

"Clifford, wacha nikunywe chai yangu. Ati nishike takataka saa hii?"

Lakini alikuwa anaenda, kikombe mkononi, na anashika. Fimbo ikipoa, marehemu aligeuza rundo lote upya. Harusini watu walifungiwa nyama ya kubeba. Yeye alitoka na gunia la maganda ya viazi, tena amevaa tai. Sisi watoto tulikuwa tunajificha nyuma ya hema kwa aibu. Mungu atusamehe, maana maganda hayo ndiyo yaliyotulisha.

Februari 2024 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukakataa. Akawa anaelekeza akiwa kitini, mama ndiye anageuza. Na alikuwa mkali! "Hiyo imekauka, mwagia maji!" Mei hii hali ikazidi. Alilazwa Kericho kwa siku sita, akatuaga alfajiri ya Jumatatu, tarehe 9 Juni, Rodah akiwa amemshika mkono.

Jumatano mzee Ojwang alifika, na gari alikuja nalo. Tulikaa kikao siku nzima, hatukuelewana. Mama hakubishana. Alisema tu, "Shemeji, kabla hujambeba, njoo uone." Akampa Kipkirui jembe, akamwambia achimbe kando ya bustani. Jembe likazama, likazama tena. Udongo mweusi ulimfika Kipkirui magotini, minyoo tele, ndipo likagonga changarawe.

Mzee Ojwang akachota kiganja kizima, akanusa.

"Udongo huu mlitoa wapi?"

"Hatukutoa mahali, shemeji. Ni yeye aliutengeneza. Miaka kumi na tisa."

Mzee alikaa pale pale chini akalia kwa sauti, na sisi sote tukalia naye. Alipoinuka alisema, "Basi huyu ako kwake. Endelea kuchimba."

Marehemu ameacha mjane, Rodah Chepkosgei, watoto, Caren Aluoch na Kipruto Amolo, wajukuu watano, na kaka yake, mzee Ojwang. Gari la mzee litarudi Nyakach jioni likiwa na magunia mawili ya mboji. Amekataa kusaidiwa, ameyajaza na kuyafunga mwenyewe.

Pumzika kwa amani, Baba. Uko nyumbani.